Mwosha Vikombe vya Meza ya Bwana

Vikombe vya Meza ya Bwana katika kanisa letu ni mia moja na sitini. Ni vya kioo, vidogo, urefu wake haufiki kidole gumba, na vinakaa kwenye sinia nne zenye matundu. Kwa miaka ishirini na tatu vilioshwa na mwanamke mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kunywa hata kimoja.

Tulimwita Mama Vikombe. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake, na alikuwa na utani wa kumfanya mtu acheke mahali pasipofaa kucheka. Mimi nilianza kumsaidia kazi hiyo mwaka jana. Nilisema nimekwenda kusaidia kwa sababu macho yake yanachoka, lakini sababu yangu ilikuwa nyingine. Binti yangu alikuwa amehama nyumbani kwenda kuishi na kijana mmoja mpaka rangi, bila ndoa, na kanisa lilikuwa limemwondoa Mezani. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, sisi tulipopanga foleni kwenda mbele, mwanangu alibaki kwenye benchi la nyuma upande wa kushoto. Benchi lile watu waliliita stendi, maana waliokaa pale walikuwa wanasubiri, na hakuna aliyejua gari litafika saa ngapi. Mama Vikombe ndiye aliyekaa stendi muda mrefu kuliko wote. Nilitaka kuwa karibu na mtu anayejua benchi lile linamfanya nini mtu.

Kazi ilifanyika Jumamosi alasiri katika chumba kidogo nyuma ya madhabahu. Chumba kina dirisha moja, karai mbili na kabati la kanzu za kwaya linalonuka vumbi. Maji yalikuwa ya vuguvugu, sabuni kidogo mno, tena isiyo na manukato.

"Harufu ikibaki," alinifundisha, "mtu atasema amekunywa damu ya Bwana, kumbe amekunywa sabuni ya kuogea."

Tulisuuza mara tatu. Tulikausha kwa kitambaa cheupe cha pamba. Halafu yeye alikiinua kila kikombe kuelekea dirishani, akafumba jicho moja, akakizungusha taratibu. Akiona alama ya rangi ya mdomo alikirudisha kwenye karai huku akiguna.

"Huyu ni yule wa sauti ya kwanza. Siku moja nitamwambia, dada, Yesu anakujua hata bila rangi."

Siku nilipomuuliza ilikuwaje akaosha vikombe asivyoruhusiwa kuvinywea, hakukasirika. Alisema mke wa mchungaji wa zamani aliteguka mkono, akatafuta mtu wa kumsaidia, naye akajitolea. Wazee wa kanisa wakakaa wakajadili. Wakaifungua kanuni, wakaisoma mwanzo mpaka mwisho.

"Kanuni inakataza kula na kunywa," akasema. "Haikatazi kuosha. Basi nikaosha."

Alicheka. Mimi sikucheka.

Kilichomweka stendi ni hiki. Alipokuwa msichana wa ishirini na mbili, amepata kipaimara, anaimba kwaya, alimpenda fundi baiskeli ambaye banda lake liko ng'ambo ya barabara, mkabala na geti la kanisa. Bado lipo pale pale. Ni mtu mpole, mwembamba, anayefanya kazi huku akiimba nyimbo zetu za kitabuni kwa sauti ya chini, beti zote, bila kukosea. Lakini mguu wake haukuwa umevuka kizingiti cha kanisa tangu alipomzika baba yake.

Baba yake fundi alikuwa na wake wawili. Alikuja kanisani kila Jumapili kwa miaka mingi, akakaa darasa la ubatizo mara tatu, na kila mara aliambiwa amwache mke mmoja kwanza. Alijibu, "Niambieni nimwache yupi, nami nitamwambia ninyi ndio mmechagua." Hakuna aliyechagua. Akafa hivyo hivyo, hajabatizwa. Kijana wake akaja mlangoni kuomba mchungaji na kengele kwa ajili ya maziko. Katibu wa baraza la wazee alitoka na kitabu cha kanuni mkononi, akamsomea pale pale mlangoni, kisha akafunga mlango. Kijana akamzika baba yake pamoja na majirani, bila kengele. Tangu siku ile alisema hatakanyaga ndani.

Na ndoa, kwa kanuni yetu, hubarikiwa ndani, mbele ya madhabahu na kusanyiko. Siyo nyumbani wala barazani.

"Hukulijua hilo ulipoolewa naye?" nilimuuliza.

"Nilijua. Nilidhani atalegea." Akakiweka kikombe kwenye tundu lake. "Mwaka wa kwanza nilimbembeleza. Mwaka wa pili nikamnunia. Mwaka wa tatu wazee wakaja nyumbani, wakaniambia rudi kwa wazazi wako, utubu, tutakurudisha kundini. Nikawauliza, na huyu mtoto mgongoni nimrudishe wapi? Wakanywa chai wakaondoka. Baada ya hapo nikaacha kusema. Lakini mdogo wangu, kuacha kusema siyo kuacha kutaka."

Aliniambia kwamba kila mwezi, akisikia kwaya imeanza ule wimbo wa kwendea Mezani, mate humjaa kinywani kama mtu mwenye njaa. Humeza. Hutazama migongo ya watu inavyokwenda mbele na nyuso zao zinavyorudi. Alikuwa akitafuta kwenye nyuso kitu fulani, hakujua nini. Wengi, alisema, walirudi wakiwaza chakula cha mchana.

Nilikwenda nyumbani siku ile kichwa kinaniuma. Nilimhesabia binti yangu miaka. Ana ishirini na nne. Akikaa stendi hata ile miaka ishirini na tatu tu ya vikombe, atakuwa na arobaini na saba.

Sasa nieleze ilivyotokea. Mchungaji wetu alisafiri kwenda kwenye mkutano, akaletwa mchungaji mgeni, kijana, mwenye sauti nzuri na haraka kidogo. Kwa taratibu zetu, mwosha vikombe huleta sinia ya mwisho mezani, huinamisha kichwa, kisha hutoka kwa mlango mdogo wa pembeni na kuzunguka kwenda kukaa nyuma. Huko alikotoka mgeni, kumbe wahudumu wa meza hupewa kwanza, kabla ya watu wote. Hakuna aliyemwambia kwamba kwetu sivyo. Tulikuwa tumemzoea Mama Vikombe pale mbele mpaka tukasahau kwamba macho mageni yangemwona kama mhudumu.

Akaweka sinia. Akainamisha kichwa. Alipoinua, mkate ulikuwa umeshawekwa kwenye kiganja chake.

"Pokea, mama. Mwili wa Bwana, uliotolewa kwa ajili yako."

Kanisa zima likainua vichwa. Hata watoto. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mlango mdogo na kitambaa cha kukaushia mkononi, na nilimwona uso kwa upande. Mkate wetu ni mwembamba kama karatasi, mweupe, wa duara. Alikuwa anautazama jinsi mtu anavyomtazama mtoto aliyepotea akarudi, anaogopa hata kumgusa. Katibu alikohoa. Ni yule yule wa siku zile, sasa mzee wa miaka karibu sabini, miwani minene, fimbo pembeni.

Angeweza kula. Naapa angeweza. Nani angeutoa kinywani mwake?

Alifunga kiganja. Akageuka. Hakutoka kwa mlango mdogo. Alipita katikati, njia ya maharusi, akawapita watu wote, akatoka kwa mlango mkubwa. Mimi nikamfuata mbio na kitambaa changu, roho mkononi.

Fundi alikuwa bandani. Jumapili hafanyi kazi, humsubiri mkewe tu, lakini siku ile mnyororo wa baiskeli ya mpiga kinanda ulikuwa umechomoka, akawa anamtengenezea. Mikono ilikuwa myeusi kwa grisi.

"Mbona mapema?" akauliza. "Au mahubiri yameishiwa mafuta?"

Mkewe akasogea mpaka mbele yake. Akafungua kiganja.

"Nini hicho?"

"Nimepewa."

"Na nani?"

"Mgeni. Hajui."

Fundi akautazama mkate, kisha akamtazama yeye. Utani ukamtoka usoni. "Sasa si ule? Si ndicho unachokitaka siku zote? Kula. Tuko watatu tu hapa, na huyu mwenzako hatasema."

Nilitikisa kichwa kwamba sitasema.

"Ningekuwa wa kuiba, Fundi, ningeiba mwaka wa kwanza. Ufunguo wa kabati la mkate ninao mimi. Nimelala na ufunguo huo chini ya mto miaka ishirini na tatu."

"Siyo wizi. Umepewa."

"Nimepewa na mtu asiyenijua. Nataka nipewe na wanaonijua."

Jasho la kiganja lilikuwa limeanza kuulainisha mkate, ukingo mmoja umejikunja. Yeye aliona, mimi niliona, na fundi aliona. Nadhani ni hapo alipoona kweli. Kwa miaka yote alikuwa anajua mkewe anataka kitu, kama unavyojua jirani anaumwa mgongo. Sasa kilikuwa mbele yake, kinayeyuka.

"Basi urudishe," akasema polepole.

"Nikirudisha mimi watasema nilichukua."

Fundi akasimama. Akafuta mikono kwenye suruali, haikusaidia kitu. Akanigeukia mimi. "Shemeji, hicho kitambaa ni kisafi?"

"Ni cha vikombe," nikasema.

Akakitandaza juu ya viganja vyake, mkewe akaulaza mkate juu yake, naye akavuka barabara. Alitembea kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa mpaka ukingoni. Tulimfuata nyuma. Ndani, kwaya walikuwa wameishiwa la kufanya, wanarudia kiitikio mara ya nne. Fundi alifika mlango mkubwa akasimama, ncha za viatu zikigusa kizingiti. Kiitikio kikakatika.

"Shikamooni wazee," akasema. "Mke wangu si mwizi. Alipewa, hakula. Nimeurudisha."

Katibu ndiye aliyekuja. Alichukua muda mrefu kufika, kwa miguu ile yake. Wakasimama wawili, mmoja ndani, mmoja nje, mahali pale pale. Katibu akapokea kitambaa.

"Na mimi nina swali," fundi akasema. "Nauliza mbele ya watu wote. Huyu anakosa nini?"

"Yeye hakosi kitu, mwanangu. Kinachokosekana ni ndoa."

"Ndoa tunayo. Ina watoto wanne."

"Haijabarikiwa."

"Basi ibarikini."

"Ingia tuibariki."

"Siingii. Ibarikini hapa hapa niliposimama."

Mtu mmoja akacheka, mwingine akasema "Amina" kwa makosa. Mchungaji mgeni maskini alishika kitabu chake kifuani, akasema yeye ni mgeni, jambo hili asingeweza kuliamua. Ikaendelea ibada. Mama Vikombe akarudi stendi, akaketi karibu na binti yangu. Niliona binti yangu akimshika ule mkono mkubwa.

Mchungaji wetu aliporudi, baraza likaitishwa. Mimi ndiye niliyepeleka chai, na sikuwa na haraka ya kuimimina. Swali lililokuwa mezani lilikuwa moja: kizingiti ni ndani ya kanisa au nje?

"Ni ndani," alisema mzee mmoja, fundi seremala. "Saruji yake tuliibeba sisi vichwani."

"Hata ukuta wa choo tuliubeba vichwani," akajibu mwingine. "Tubariki ndoa chooni?"

"Mlango ukifungwa, kinabaki upande gani?"

 Seremala akainuka, akaenda kuufunga mlango, akarudi. "Unakikata katikati," akasema. "Nusu ndani, nusu nje."

Walicheka sana. Mzee wa tatu akasema kwa haki, wala simlaumu, kwamba kanuni ikilegezwa kwa mmoja, kesho kila mtu atataka ndoa yake ibarikiwe mahali apendapo, na vijana watasema kanisa halina msimamo. Nikaliweka birika chini. Nilijua kijana gani anasemwa. Ni wangu.

 Mchungaji akamgeukia katibu. "Mzee, ni wewe uliyesimama naye pale mlangoni alipofiwa?"

"Ni mimi." Katibu akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. "Nilisoma kanuni niliyopewa nisome. Na sijaiacha mpaka leo, msinielewe vibaya. Ndoa ni ahadi ya mbele za Mungu na watu, siyo kuhamishiana mizigo. Lakini yule alikuwa amefiwa. Ningemwambia kwanza ingia, keti, pole. Halafu ndiyo nifungue kitabu. Mimi nilianza na kitabu. Sikumwambia pole."

Hakuna aliyegusa chai.

"Tumetumwa kwa watu," mchungaji akasema. "Tunaimba hivyo kila Jumapili. Barabara tu ile, hatujawahi kuivuka kwenda bandani kwake. Siwezi kusema tumetumwa duniani kote, halafu tuishie getini."

Kesho yake nilimwona katibu kwa macho yangu akivuka barabara na fimbo yake. Alikaa kwenye kigoda cha fundi muda wa kutosha kuziba pancha mbili. Walichoongea sikukisikia, na nilijitahidi kusikia. Alipoinuka, fundi alimshika kiwiko akamvusha.

Ndoa ilibarikiwa Jumamosi asubuhi. Madhabahu haikuhamishwa, kusanyiko likageuka. Tulizungusha mabenchi, tukaelekea mlangoni, mchungaji akasimama juu ya kizingiti. Mama Vikombe alikuwa ndani, na fundi nje, shati jeupe, kucha zimesuguliwa mpaka zimekuwa nyekundu. Wakashikana mikono juu ya ile saruji. Kanuni ilitaka ndani, mbele ya kusanyiko, na katibu aliandika kwenye kitabu kwamba imefanyika "mlangoni, kusanyiko likiwa limeelekea huko." Sijui wakubwa wa kanisa wakikisoma watasema nini. Bado hawajasema.

Jumapili ya Meza ikafika. Jumamosi yake nilimwomba apumzike, nioshe mimi. Alinitazama kama nimemtukana. Akaosha vyote mia moja na sitini, akavitazama kimoja kimoja dirishani, hakuchagua chake.

Wimbo ulipoanza alisimama kwenye foleni mbele yangu. Shingo yake ilikuwa ngumu kama ya askari. Alipiga magoti. Mchungaji alimwita kwa jina lake la ubatizo, ambalo wengi wetu tulikuwa tumelisahau, akampa. Akala. Akanywa. Nilitazama uso wake ulivyorudi, kama alivyotazama yeye za wengine, na sikuona kile nilichokitarajia. Alikuwa anatazama juu ya vichwa vyetu, kule mlangoni. Mumewe alikuwa amesimama pale pale pa siku zote, kofia mkononi, nusu kivulini na nusu juani. Midomo yake ilikuwa inafuata wimbo.

Tulipotoka nilitembea nyuma yao, na kwa kuwa njia ni nyembamba nilisikia.

"Una ladha gani?" fundi aliuliza.

"Hauna ladha."

"Miaka yote hiyo, kwa kitu kisicho na ladha!"

Wakacheka wote wawili, mpaka mkewe akamshika bega asianguke. Yeye ndiye aliyeacha kucheka kwanza.

"Nilidhani nikishakula nitashiba," akasema. "Nilipopiga magoti niliona pembeni yangu pana nafasi ya mtu mmoja. Hiyo nafasi, Fundi, nimerudi nayo."

 Nilipunguza mwendo niwaache watangulie, lakini niliendelea kutega masikio. Kwa mbali nilimsikia fundi akianza tena ule wimbo wa kwendea Mezani, kwa sauti ya chini, ubeti wa kwanza, na mkewe hakuufuata. Alikuwa anamsikiliza tu.